Simu Bado Inadhani Uko Nyumbani

Dada yangu Aber, popote ulipo,

Leo asubuhi simu imekuletea tena video ya kusuka nywele. Ni ule mtindo uliokuwa ukiupenda, misuko myembamba inayoanzia kwenye paji la uso na kupinda nyuma ya sikio. Mama alikuwa amenipa simu niangalie kama kuna ujumbe wako. Ujumbe haukuwepo. Nywele ndizo zilikuwepo. Nikaziangalia mpaka mwisho, mimi ambaye kichwa changu bado kinanyolewa kwa sheria ya shule, kwa sababu niliogopa kwamba nikiziruka simu itajua umeondoka.

Sasa nikuambie kwa nini ninakuandikia, kwa maana hukuwahi kupenda watu wanaozungusha maneno. Mama anataka kukufuata huko ng'ambo. Pasipoti anayo, vipimo vya hospitali amemaliza, na wakala amemwambia akae tayari, tiketi inaweza kutoka wakati wowote. Anasema akisikia sauti yako, hata mara moja, atabaki. Kwa hiyo ninahitaji sauti yako, dada. Mengine yote humu ni maelezo.

Ninaandika kwa Kiswahili. Shuleni wangetaka Kiingereza, na hapa Nsambya, Kampala, majirani wengi wangenielewa vizuri zaidi kwa Kiganda. Lakini Kiswahili ndicho kilikuwa cha nyumba yetu. Baba alikitoa kwenye mafunzo ya polisi, Mama alikuja nacho kutoka Kenya, wakakutana katikati. Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema, "Nyinyi watoto nalala mapema!" na Mama akimjibu kutoka jikoni, "Afande, anayelala mapema ni wewe, watoto wako macho"? Ulikuwa ukimwigiza Baba, kifua mbele na mikono nyuma, mpaka yeye mwenyewe anageukia ukuta ili tusimwone akicheka. Sasa amehamishiwa mbali, kaskazini mashariki. Akipiga simu anauliza kama umeongea. Nikisema bado, anakohoa kidogo halafu ananiuliza habari za masomo.

Ninazikumbuka sana zamu zetu za simu hii moja. Simu ya nyumba, tulivyoiita, ilikuwa na mahali pake rafuni, kando ya kopo la chumvi, na kila mtu alikuwa na zamu. Mama aliangalia kwaya na wahubiri. Baba akiwa likizo aliangalia ngumi. Wewe nywele, mimi watu wanaoeleza habari za nyota. Siku moja ulicheka mpaka ukajilaza sakafuni. Ukasema, "Lamaro, unajua hii simu inafikiri sisi ni mtu mmoja? Inafikiri ni mzee mmoja wa kanisa, anapigana ngumi, anasuka nywele, halafu anataka kujua mwezi uko mbali kiasi gani." Tulimpa yule mzee jina, tukamwita Mzee Mchanganyiko. Simu ikileta kitu cha ajabu tulisema, "Mzee leo ameamka vibaya."

Halafu kuna ile jioni ulirudi kutoka kazini, saluni kule Ntinda, na miguu imevimba. Uligonga mlango kama kawaida yako, kwa ngumi, ukinguruma, "Fungueni! Ni mwenye nyumba!" Mama naye kama kawaida yake, kwa kuwa tunakaa nyumba ya polisi, "Mwenye nyumba hapa ni serikali! Nenda ukamdai Afande!" Ukaingia, ukavua viatu, Mama akakuwekea beseni la maji ya chumvi. Ukachukua simu, miguu ikiwa ndani ya beseni, na hapo ndipo ikakuletea video ya kwanza. Msichana mwenye lafudhi ya kwetu alikuwa amesimama ndani ya jiko jeupe, akafungua bomba.

"Lamaro, ona. Maji ya moto yanatoka ukutani."

Nilikuwa nikisoma. Nilisema, "Mh."

Iliyofuata ilikuwa ya msichana mwingine aliyekuwa akimwonyesha mama yake nyumba aliyomjengea. Baada ya hapo akaja aliyeko uwanja wa ndege, anacheka, anapungia mkono. Hukuruka hata moja. Kesho yake zikaja nyingi zaidi, na siku ya tatu nywele zako zilikuwa zimepungua, kila kitu ni kyeyo. Kila mtu hapa alikuwa akilisema neno hilo, kazi za ng'ambo, kama vile kwenda kwa shangazi. Siku ulipoamua kwenda kwa wakala uliniambia, ukiwa umekaa ukingoni mwa kitanda chetu, "Hii simu inanijua kuliko Mama. Inajua nimechoka kusimama."

Niliamini hivyo pia. Ndiyo maana ninataka kukueleza nilichofundishwa, maana wewe hukubahatika kuwa darasani siku ile.

Muhula huu mwalimu wetu wa kompyuta, Madamu Nansubuga, alitufundisha algoriti. Umeme ulikuwa umekatika na kompyuta zote zilikuwa zimezimika, kwa hiyo alitufundisha kwa vipande vya maboksi. Algoriti, alisema, ni maagizo yanayofuatwa hatua kwa hatua ili kufikia lengo. Kupika posho ni algoriti: maji yachemke, unga uingie, mwiko usipumzike. "Lakini kila chungu kina mlaji," akasema. "Kabla hujausifu mwiko, uliza nani atakula."

Akaweka kiti mbele ya darasa. Akagawa vipande vya maboksi vilivyobandikwa picha kutoka magazeti ya zamani: mipira, maharusi, vyakula, magari, majumba. Mwenzetu mmoja angekaa kitini. Waliobaki walikuwa simu.

"Lengo lenu ni moja," aliwaambia. "Asiinuke mpaka kengele ilie. Hamumgusi, hamuongei naye. Mnamwonyesha picha tu, na mnaangalia macho yake."

"Mweke Lamaro!" alipiga kelele Kato, yule mvulana mwenye mdomo niliyekuwa nikikusimulia. "Huyo hata umwonyeshe nyumba inaungua hasemi!"

Ungekuwepo ungemjibu. Uliwajibu wengi kwa niaba yangu. Dukani, hospitalini, siku ya kuniandikisha shule, ulikuwa unaweka mkono begani pangu na kusema, "Huyu mdogo wangu, hasemi, lakini anasikia yote. Kwa hiyo chungeni." Siku ile hapakuwa na mkono. Nikakaa kitini.

Walileta mpira, nikaangalia dirisha. Walileta arusi, nikaangalia viatu vyangu. Halafu Kato akainua picha ya mwanamke amesimama kwenye jiko jeupe, kando ya bomba linalong'aa.

"Ameganda!" akanong'ona kwa nguvu. "Jamani, ameganda! Leteni majiko! Majiko yote!"

Wakatafuta. Wakaleta jiko lingine, mwanamke mwenye mtandio, ndege, jengo refu la vioo. Nilikuwa nikiangalia kila sura. Mtu akileta picha mpya niliiangalia sura kwanza, halafu masikio. Wenzangu walikuwa wakicheza kimya kimya nyuma ya maboksi kama timu iliyofunga bao. Kengele ikalia na mimi bado niko kitini.

"Tumeshinda!"

Madamu alisubiri kelele ziishe. "Mmeshinda kweli. Sasa niambieni, Lamaro alikuwa anataka nini?"

"Majiko!"

"Kyeyo, Madamu! Anataka kwenda kyeyo!"

Akanigeukia. Unajua sauti yangu inavyokwama, kama mlango wetu wakati wa mvua. Nikasema, "Nilikuwa nataka kwenda msalani, Madamu. Tangu mwanzo."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Kato aliinua mikono juu, akaniita bibi kwa Kiganda: "Sasa si ungesema, nnyabo!"

"Angesemea wapi?" Madamu aliuliza. Yeye hakuwa akicheka. "Katika mchezo wenu mliacha mahali pa yeye kusema? Mliona macho yake yamesimama wapi. Hamkujua kwa nini yamesimama, na hamkuhitaji kujua, kwa sababu lengo lilikuwa lenu. Halikuwa lake."

Nilikimbilia msalani, na huko nikalia mpaka mlinzi wa zamu akagonga. Nilikuwa nimekumbuka maneno yako. Hapana, dada. Simu haikukujua kuliko Mama. Simu iliona macho yako yamesimama kwenye maji ya moto. Mama ndiye aliyeona miguu yako.

Ulipofika kule, kwenye nyumba uliyopelekwa kufanya kazi, ulitupigia, ukatuonyesha chumba chako kidogo na ukasema kazi ni nyingi lakini unaweza. Simu zikawa fupi. Mara ya mwisho ulituma sauti tu, ukinong'ona: "Niko sawa. Mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Nitapiga." Kukawa kimya. Namba yako haipatikani. Ofisi ya wakala ilisema umebadilisha nyumba. Tulipeleka malalamiko kwa wanaohusika, tukaambiwa tusubiri.

Mama hakuweza kusubiri kwa mikono mitupu. Akaanza kuziangalia zile video ulizokuwa ukiziangalia wewe. Nilidhani anajifariji. Siku moja alinisimamishia picha, akaisogeza karibu na jicho mpaka kope zinagusa kioo. "Yule wa nyuma, aliyebeba mifuko. Si ndiye? Angalia sikio." Anatafuta ndewe ya sikio lako la kushoto, pale ilipochanika kwenye mchezo wa netiboli, ulipokataa kuvua hereni. Anaangalia kila msichana anayepita nyuma ya msichana anayejirekodi. Anaangalia mpaka mwisho, anarudia, anasimamisha, anarudia tena.

Na simu, dada, inaona hivyo tu: kwamba ameangalia mpaka mwisho na amerudia. Mama anatafuta mtoto, simu imeona mtu anayetaka safari. Ikaanza kumletea matangazo ya mawakala. Wanawake wa umri wake, wamevaa vizuri, wanasema hujachelewa, mama, nafasi yako ipo. Mwanzoni aliwatukana. Baadaye akaanza kuwasikiliza. Mwisho akaniomba nimsomee namba ya simu iliyokuwa chini ya picha.

Nikaona nitumie nilichofundishwa. Kila zamu yangu ilipofika niliruka kila video ya kyeyo kabla haijapumua, nikawa ninaangalia kuku. Kuku wa mayai, kuku wa kienyeji, namna ya kutibu mafua ya kuku. Nilichagua kuku kwa sababu Mama aliwahi kusema angependa kufuga. Simu ilinitii. Baada ya muda kukawa na kuku tu, na nilijisikia, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, kama mtu aliyefanya kitu.

"Lamaro! Hii simu ina nini? Kuku, kuku, kuku!"

"Ni mimi, Mama. Nimeifundisha."

"Umeifundisha nini?"

"Isikuletee wale mawakala."

Aliketi taratibu kwenye kiti cha Baba. "Umemfukuza Aber humu ndani."

"Mama, Aber hayumo humo ndani."

"Basi yuko wapi?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Niambie wewe unayesoma. Yuko wapi?"

Nilizoea kuwa na jibu la kila swali lililoandikwa, na hili nililijibu kwa kuangalia sakafu. Mama akaanza kutafuta upya, akitamka jina la nchi mbele ya simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Kufikia jioni mawakala walikuwa wamerudi wote, kana kwamba walikuwa wamejificha nyuma ya kuku.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimfundisha somo zima. Nilikata boksi la sabuni, nikamweleza kiti, picha, macho, nani anakula. Nilisema kwamba wenye simu wanataka aendelee kuangalia, na mawakala wanawalipa ili waonekane mbele yake, na kwamba katika hao wote hakuna hata mmoja aliyeuliza anamtafuta nani. Alikuwa akichambua maharagwe. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo, na alinisikiliza bila kunikata.

"Nimeelewa," akasema. "Umeeleza vizuri. Utakuwa mwalimu."

"Basi usiende, Mama."

"Ng'ombe wako akiibwa, na mwizi peke yake ndiye anayejua njia, utamfuata nani?"

"Mama, kule si Nsambya. Huwezi kwenda mlango kwa mlango."

"Na mimi nilipokuja Kampala nilijua mlango wa nani?" Akatupa haragwe bovu. "Mtoto wangu, niletee sauti yake, nitabaki nifuge hao kuku wako. Sauti tu. Sitaki picha, picha nimechoka nazo."

Hapo ndipo nilipo, dada. Nilidhani mtu akielewa atakuwa salama. Mama ameelewa na bado begi lake liko kando ya mlango. Akiondoka, mimi nitapelekwa Gulu kwa shangazi, lakini si hilo ninaloliogopa. Ninaogopa simu mbili zisizopatikana. Ninaogopa kuwa mimi ndiye nitakayekaa kwenye kiti cha Baba nikiwatafuta wawili, nikisimamisha picha, nikiangalia masikio, na simu nayo ikifikiri, aha, huyu naye.

Nilimweleza Madamu. Sikujua ninaweza, lakini nilibaki darasani wengine walipotoka na maneno yakaja. Hakunipa pole kwanza. Aliuliza, "Wewe unataka mashine hiyo ikufanyie nini?" Tangu mambo haya yaanze hakuna aliyeniuliza mimi ninataka nini.

"Imfikishie dada yangu neno."

"Inapenda sura na sauti ya mtu," alisema. "Barua iliyoandikwa tu itaiacha njiani. Na siwezi kukuahidi kitu, Lamaro. Lengo lake halitakuwa lako hata siku moja. Utapanda tu mgongoni mwake, na inaweza kukuangusha."

Kwa hiyo barua hii nitaisoma, dada. Mimi. Mbele ya kamera, nimevaa sare, na uso wangu huu. Kato ndiye atakayeshika simu. Alikuja mwenyewe akiwa amesikia, akisugua shingo: "Lamaro, yale ya majiko, sikujua. Safari hii picha unapanga wewe." Ninajua pengine kabla ya uso wangu wataweka tangazo la wakala, yule yule, na watu wataniona mimi nikilia baada ya yeye kucheka. Sina namna ya kulizuia. Nimejizoeza mbele ya ukuta na kila nikifika kwenye jina lako ninaanza upya.

Nitawaomba wasiotujua wasiiruke. Wakae mpaka mwisho, hata kama hawana haja nayo, kwa sababu kinachoangaliwa mpaka mwisho ndicho kinachobebwa mbele. Na nimechagua Kiswahili kwa ajili ya wanawake walioko huko uliko, wa Mombasa, wa Goma, wa Tanga, wa Mbale, ambao hawana lugha nyingine ya kunong'onezana wanapokutana kwenye kutupa taka. Labda mmoja wao atanisikia huku akipiga pasi. Labda amemwona msichana mrefu mwenye ndewe iliyochanika sikio la kushoto, anayeigiza watu, anayecheka mpaka anajilaza chini. Amwambie kwamba mdogo wake sasa anasema.

Usitafute maneno makubwa. Usitueleze yaliyokupata kama huwezi. Usiseme uko sawa kama hauko sawa, kwa sababu Mama hakuliamini hilo hata mara ya kwanza. Azima simu ya mtu yeyote, kwa pumzi moja, useme yale maneno ya mlangoni. Simu haitajua maana yake. Wakala hatajua. Mama atajua kabla hujamaliza, na nitamsikia akijibu kwa nguvu kutoka jikoni kwamba mwenye nyumba hapa ni serikali, halafu atakwenda kulitoa lile begi mlangoni, kwa sababu sauti yako itakuwa imelizibia njia.

Gonga, dada. Gonga kwa ngumi.

Mdogo wako asiyesema,
Lamaro